Man United nafasi ya 15, wafanyakazi wanapewa supu: hawa watu wanaweza kufilisika kweli au tunajifurahisha tu?

Jogoo_la_Alfajiri

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Anfield, yaani Liverpool, sijifichi, na msimu huu wa 2024/25 nimecheka mpaka nimeanza kujishuku. Nina shemeji yangu mmoja, Shetani Mwekundu, shabiki wa United damu damu. Tangu 2014, kila ikikaribia mwisho wa Aprili ananitumia ile picha ya nahodha wetu Gerrard akiteleza mbele ya Demba Ba wa Chelsea, ubingwa ukatuponyoka. Hasalimii, haandiki neno, anatuma picha tu na kuzima simu. Mwaka huu Aprili imepita kimya. Tarehe 27 tukawachapa Tottenham 5-1, tukabeba ubingwa wa 20, tukalingana nao, bado kimya. Ikaja fainali yao ya Europa dhidi ya Tottenham pale Bilbao, Mei 21, mpira ukamgonga Brennan Johnson, ukamgonga Luke Shaw, ukajikokota hadi wavuni, 1-0. Kesho yake shemeji akaitoa kwenye wasifu wake picha ya nguli wao Cantona aliyesimamisha kola, akaweka ua. Ua, wakuu! Waridi la pinki.

Nikaenda kwenye jedwali ili nimcheke kwa ushahidi. Mechi 38, United wamefungwa 18, wameshinda 11. Pointi 42. Mabao 44 msimu mzima. Tottenham, ambao wenyewe wamemaliza nafasi ya 17, wamewafunga mara nne: 3-0 pale pale Old Trafford mwezi Septemba, 4-3 kwenye Kombe la Ligi, 1-0 Februari, halafu Bilbao. Yaani timu iliyofungwa na kila mtu ilikuwa na mahali pake pa kupumzikia. Na kocha wao Amorim mwenyewe, baada ya Brighton kuwalamba 3-1 mwezi Januari, alisema hii huenda ndiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ya klabu. Mkishasemwa hivyo na kocha wenu, mtani wenu anabaki na kazi gani?

Mpaka hapo nilikuwa nacheka kwa raha zangu. Kilichonileta ni upande wa pesa. Mwaka 2024 walipunguza wafanyakazi 250. Mwaka huu wa 2025 wametangaza wengine hadi 200. Chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi pale Old Trafford kimeondolewa, wamebakiziwa matunda. Uwanja wa mazoezi, Carrington, wafanyakazi ni supu na mkate wenye kitu katikati, wachezaji wanaendelea na sahani zao kama kawaida. Sir Alex Ferguson, kocha wao wa zamani aliyewajengea kila kitu, wamemkatia mkataba wa ubalozi wa pauni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Tiketi zilizobaki za msimu zikapandishwa hadi pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Na mwezi Machi Sir Jim Ratcliffe, mmiliki mwenza, akakaa mbele ya BBC akasema bila hatua hizo klabu ingeishiwa pesa kufikia Krismasi.

Manchester United iishiwe pesa? Hawa hawa waliompa kocha Ten Hag mkataba mpya Julai 2024, wakamtimua Oktoba hata miezi minne haijaisha, wakamchukua mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth wakaachana naye baada ya miezi mitano, na kufukuza kote huko kukawagharimu pauni milioni 14.5?

Wenye kuelewa mahesabu naomba mnifafanulie. Hii ni njia ya Leeds au ni porojo za tajiri anayetaka huruma? Kuna siku watakatwa pointi? Nataka kujua nimwandae shemeji kisaikolojia au niendelee kumchoma tu.

---

Mtutu_wa_Kaskazini

Swali gani hili mkuu? Unamwonea huruma nyoka kwa sababu amekanyagwa? Miaka 20 wametunyanyasa. Wacha wanywe supu. Mimi naomba ile paa ya Old Trafford iendelee kuvuja vile vile kama siku sisi Arsenal tulipokuwa pale Mei 2024, maji yanashuka jukwaani utadhani maporomoko. Tuliwafunga 1-0 halafu mvua ikawamalizia.

---

Mhasibu_wa_Benchi

Mkuu Jogoo, umeuliza vizuri, ngoja nijibu kwa utulivu, maana hapa watu wanachanganya kufilisika na kukaukiwa taslimu.

Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 United waliingiza pauni milioni 661.8. Hiyo ni rekodi yao wenyewe, klabu chache sana duniani zinafika huko. Mwaka huo huo wakapata hasara ya milioni 113.2. Na si ajali ya mwaka mmoja: wamekula hasara miaka mitano mfululizo, jumla inapita milioni 370. Kwa hiyo usione wana mapato makubwa ukadhani wana pesa. Zinaingia asubuhi, jioni zina wenyewe.

Wenyewe ni akina nani? Wa kwanza ni benki. Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua klabu kwa pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya hiyo pesa ilikuwa mkopo, na mkopo wenyewe wakaubwaga juu ya klabu. Kabla ya hapo United haikuwa na deni. Yaani klabu ilikopeshwa ili inunuliwe, na tangu siku ile inalipa riba ya kununuliwa kwake. Leo, 2025, miaka 20 baadaye, mkopo wa muda mrefu bado ni dola milioni 650. Hawajapunguza kitu cha maana. Wamehamisha tarehe tu.

Wa pili ni klabu nyingine. Siku hizi mchezaji hanunuliwi kwa mkupuo, analipiwa kwa awamu miaka mitatu, minne. United wanadaiwa zaidi ya pauni milioni 300 za wachezaji ambao tayari wanao, na wengine hata hawapo nao! Antony alitoka Ajax ya Amsterdam 2022 kwa karibu euro milioni 95. Tangu Januari 2025 alikuwa Betis ya Hispania kwa mkopo, akicheza kwa raha na kufunga, huku Manchester bado wakipeleka awamu Amsterdam. Sancho msimu wa 2024/25 alikuwa Chelsea kwa mkopo, na sehemu ya mshahara wake waliulipa United. Ratcliffe mwenyewe aliwataja kwenye yale mahojiano ya Machi: Antony, Casemiro, Onana, Højlund, Sancho. Alisema fedha za majira haya ya joto ya 2025 zinakwenda kuwalipia hao, wapende wasipende. Hapo kwangu ndipo penye kichekesho chenyewe, kuliko nafasi ya 15. Unafungua dirisha la usajili na mfuko wako umeshasajili kabla yako.

Sasa pointi. Kanuni ya PSR ya Ligi Kuu, ile ya kudhibiti hasara za klabu, kwa msimu wa 2024/25 iliruhusu hasara ya hadi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Mtu atauliza, mbona wao wamepita hapo na hawajaguswa? Kwa sababu hesabu ya ligi si ile ya mwisho wa taarifa ya fedha. Kuna matumizi yanayotolewa: timu ya wanawake, akademi, miundombinu, kazi za jamii. Ukishayatoa, wanapenya. Wanapenya kwa kuvuta tumbo ndani, lakini wanapenya. Everton hawakupenya: walikatwa 10, rufaa ikazishusha zikawa 6, kisha wakakatwa 2 nyingine, yote msimu wa 2023/24. Forest wakakatwa 4. United mpaka 2025 walichowahi kupata ni faini ya UEFA ya euro 300,000 mwaka 2023, ambayo kwa klabu ile ni pesa ya kuokota chini ya kiti.

Pale Krismasi aliposema Ratcliffe, tafsiri yangu ni hii: kama ungeacha matumizi yaende kama yalivyokuwa, na mikopo isiongezwe, na yeye asiweke pesa yake, taslimu ingekauka. Lakini yeye aliweka dola milioni 300 ndani ya klabu alipoingia, za mwisho zikaja Desemba, na hisa zake zikafika karibu asilimia 29. Mwenye karibu asilimia 29 haachi asilimia zake zife. Kwa hiyo kufilisika, hapana. Kubanwa, ndiyo, na watabanwa zaidi: msimu ujao wa 2025/26 hawana mashindano ya Ulaya kabisa, mara ya kwanza tangu 2014/15, na mkataba wa jezi wa adidas wa pauni milioni 900 kwa miaka 10 una kipengele cha kukata milioni 10 kwa kila msimu ambao hawapo Ligi ya Mabingwa.

---

Jogoo_la_Alfajiri

Mhasibu ubarikiwe. "Zinaingia asubuhi, jioni zina wenyewe" hiyo naipeleka kwenye kundi la familia kama ilivyo.

Na Leeds je? Maana shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa akinihadithia habari za Leeds, kwa furaha kubwa.

---

Mhasibu_wa_Benchi

Leeds ni kesi tofauti, japo inafanana kwa mbali. Mwaka 2001 Leeds walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Valencia. Wakajiona wameshafika. Mwenyekiti Peter Ridsdale akakopa pauni milioni 60, dhamana yake mauzo ya tiketi ya miaka 25 ijayo. Mpango mzima ulisimama juu ya kitu kimoja: kufuzu Ligi ya Mabingwa kila mwaka. Msimu ule ule wa nusu fainali wakaikosa kwa pointi moja, na waliowapita ni nyie Liverpool. Uliofuata wakaikosa tena. Basi. Ferdinand akauzwa Manchester 2002, Kewell akaja kwenu 2003, 2004 wakashuka daraja, na mwaka huo huo uwanja wao wa Elland Road ukauzwa na wao wakawa wapangaji. Kilichowaudhi watu wengi zaidi ni kugundulika kwamba katika matumizi ya ofisi kulikuwa na samaki wa mapambo wa kukodi. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo, hata mshahara wa mchezaji wa siku moja haifiki, ila watu mpaka leo hawajawahi kuisamehe.

Mwaka 2007 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, wakakatwa pointi 10, wakaangukia daraja la tatu, na huko wakaanza msimu na pointi 15 pungufu. Ligi Kuu waliiona tena 2020, chini ya kocha Bielsa.

Tofauti ni kwamba Leeds walikuwa na mguu mmoja tu wa mapato. United wana jezi, matangazo, ziara na mashabiki kila kona ya dunia, wakifungwa na wakishinda. Msimu huu wamefungwa mechi 18 na tiketi bado zilikuwa zinaisha. Ndiyo maana hawafi. Na kwa maoni yangu ndiyo maana hawaponi pia, kwa sababu hakuna anayelazimika kuamka.

---

Shetani_Mvumilivu

Nimesoma yote nikiwa nimetulia. Mimi ndiye mtu wenu mnayemtafuta.

Kwanza, kwa Mtutu. Januari 12, Kombe la FA, uwanjani kwenu. Dalot katolewa kwa kadi nyekundu, tuko kumi. Mkapewa penalti Odegaard akakosa. Tukaenda matuta, mkatoka nyie. Timu mbovu kuliko zote katika historia, pungufu mtu mmoja, imewatoa kwenye kombe nyumbani kwenu. Mmemaliza wa pili kwa mara ya tatu mfululizo na mpaka leo, 2025, kabati la makombe makubwa halijafunguliwa tangu Kombe la FA la 2020. Wewe hutakiwi kuwa kwenye huu uzi. Nenda kafute vumbi.

Pili, kwa Jogoo. Hongera kwa ubingwa, sina kinyongo, mlistahili. Lakini usisahau Januari 5 pale Anfield, 2-2, na kama Maguire angetulia dakika za mwisho badala ya kuupeleka mpira angani, mabingwa wangelala na viatu. Sitasema kuhusu Newcastle kuwafunga fainali ya Kombe la Ligi.

Sasa turudi kwenye mada. Mnacheka supu. Mimi sicheki. Yule mama anayepika pale, au kijana wa ofisi ya tiketi, au yule mtu aliyekaa miaka mingi akiwaandikia wachezaji wa zamani kadi za kuwatakia heri, ndio wametolewa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemsajili Antony. Hakuna aliyempa Ten Hag mkataba mpya kisha akamfukuza. Mishahara ya watu kama hao ukiikusanya kwa mamia, bado hulipi mshambuliaji mmoja wa wastani. Na mashabiki tumepinga hayo mambo, tumeandamana, tumevaa nyeusi, tumesema tangu 2005. Wengine wakaondoka kabisa mwaka ule ule wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, iko mpaka leo. Kwa hiyo mnapotuambia "hamna pesa" mnatusimulia habari tuliyowasimulia sisi miaka 20 iliyopita. Tulipokuwa tunasema mlikuwa mnasema tunalia huku tunabeba makombe. Ferguson alikuwa anafunika. Alichukua mataji matano ya ligi ndani ya deni lile, kila mtu akaona deni halina shida. Lilikuwa na shida, lilikuwa linamsubiri astaafu.

Nichekeni kwa mpira. Nafasi ya 15 nimeipata kihalali, kila bao nimeliona kwa macho yangu. Hata lile la Bilbao, ambalo mchezaji mwenyewe hajui limeingiaje.

---

Mtutu_wa_Kaskazini

Sisi tuko Ligi ya Mabingwa. Nyie Jumatano mtakuwa mnaangalia tamthilia.

---

Shetani_Mvumilivu

Na nyie fainali mtakuwa mnaangalia na sisi.

---

Mzee_wa_Kop

Vijana, nimekaa kimya maana Jogoo ni mdogo wangu kwa Anfield na sikutaka kumharibia sherehe. Lakini mmefika mahali nimeshindwa.

Jogoo, wewe 2010 ulikuwa wapi? Maana hayo yote unayoyacheka tumeyala sisi, na mpishi alikuwa yule yule. Februari 2007 walikuja Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett. Walisimama mbele ya watu wakaahidi kwamba hawatafanya kama Glazer, deni halitawekwa juu ya klabu. Wakasema na uwanja mpya, sepetu litaingia ardhini ndani ya siku 60. Sepetu lenyewe hatukuliona. Deni tuliliona.

Ikafika 2010. Kocha Rafa Benítez kaondoka, kaletwa Roy Hodgson. Mascherano kauzwa Barcelona. Septemba 22, Anfield, Kombe la Ligi, tumetolewa kwa matuta na Northampton, timu ya daraja la nne. Mvua inanyesha, uwanja nusu mtupu. Oktoba 3 Blackpool wakaja Anfield wakatufunga 2-1. Tukawa kwenye mstari wa kushuka daraja, wiki moja na nusu kabla ya tarehe ya mwisho ya kuilipa benki ya RBS zaidi ya pauni milioni 200. Ikipita tarehe hiyo bila malipo, benki ina haki ya kuchukua klabu. Klabu ikiwekwa chini ya msimamizi, pointi 9 zinakatwa. Sisi wakati huo tulikuwa na pointi 6. Piga hesabu mwenyewe, unapata namba iliyo chini ya sifuri.

Nakumbuka Oktoba 13 nilivyokuwa nafuatilia kesi. Si mechi, kesi! Watu wazima tunasoma maamuzi ya jaji wa Mahakama Kuu ya London kama tunasoma matokeo ya droo, tunaulizana "hati ya zuio maana yake nini?" Hicks na Gillett walikuwa wanajaribu kuwaondoa wakurugenzi waliokubali kuuza klabu. Jaji akawakatalia. Wakakimbilia mahakama ya Texas kuomba zuio huko. Likatolewa, likaondolewa. Ijumaa tarehe 15 John Henry na wenzake wakamaliza kununua, pauni milioni 300. Jumapili yake tukaenda Goodison tukafungwa na Everton 2-0, tukawa wa 19 kwenye ligi. Nilifurahi. Mnasikia? Tumefungwa na Everton, tuko wa 19, na mimi nimefurahi, kwa sababu Ijumaa nilikuwa sina uhakika kama kutakuwa na Jumapili.

Na mashabiki wa United wakati ule walitufanyia nini? Walicheka. Walistahili kucheka, ni watani. Walituimbia, walitutumia picha, kila aina ya kashfa. Lakini walikuwepo wachache, nawakumbuka, waliokuwa wamevaa skafu zao za kijani na dhahabu, zile rangi za Newton Heath, jina la zamani la United, walizokuwa wakivaa kumpinga Glazer, ambao walisema wazi kwamba adui yetu na adui yao wamesoma shule moja. Hao sikuwasahau.

Kwa hiyo Jogoo, mimi sikuzuii kucheka. Mimi mwenyewe Jumatano ile ya Bilbao nililala na tabasamu mpaka mama watoto akaniuliza kuna nini. Mcheke Antony. Wacheke wakurugenzi. Mcheke aliyeamua kulipa milioni 14.5 za kufukuza watu halafu akaenda kuhesabu sandwichi. Ila ukifika kwenye "mfilisike, mfe kabisa", hapo ujue unaongea kitu ambacho kilitupita pembeni kwa siku mbili tu. Portsmouth walibeba Kombe la FA 2008, Kanu akafunga bao la fainali, na Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi. Miaka mitatu baadaye wako daraja la nne, na waliowaokoa ni mashabiki wao wenyewe walioichanga klabu wakainunua. Rangers, pamoja na mataji yao yote, 2012 kampuni ilivunjwa wakaanza upya daraja la nne la Uskochi. Celtic walicheka sana mwaka ule. Halafu wakakaa miaka minne bila mechi ya watani kwenye ligi, wakaanza kulalamika kwamba ligi haina ladha.

---

Jogoo_la_Alfajiri

Mzee, 2010 nilikuwa nasoma, nilikuwa naona tu vichwa vya habari. Hilo la pointi chini ya sifuri sikulijua. Shikamoo yako.

Basi swali dogo kwa Mhasibu kabla sijafunga: watapata wapi pesa za usajili sasa? Maana kila siku nasikia wanamtaka huyu, wanamtaka yule.

---

Mhasibu_wa_Benchi

Kwa kuuza watoto wa nyumbani. Mchezaji uliyemkuza mwenyewe thamani yake kwenye vitabu ni sifuri, kwa hiyo ukimuuza bei yote inaandikwa faida mara moja. Uliyemnunua ghali, kama Antony, ukimuuza chini ya kilichobaki kwenye vitabu unaandika hasara juu ya hasara. Ndiyo maana utasikia majina ya Rashford, Garnacho na Mainoo yakitajwa sokoni kuliko ya wale walioboronga. Mfumo wenyewe unakushawishi uuze unachokipenda ubaki na usichokitaka. Na hili si la United peke yao, Chelsea wameuza Mount na Gallagher kwa mantiki hiyo hiyo.

---

Shetani_Mvumilivu

Mkimgusa Mainoo naingia barabarani.

Nimalizie kwa kuwakumbusha kitu, maana naona mmeshatuzika. Chelsea 2015/16 walimaliza nafasi ya 10, wakakosa Ulaya. Msimu uliofuata kocha wao Conte akawa na wiki nzima ya mazoezi kila mechi, wakabeba ligi. Nyie Liverpool 2013/14 hamkuwa na Ulaya, mkamaliza wa pili, na mngebeba kama si ile picha ambayo shemeji yako anaipenda. Sisi 2014/15 bila Ulaya, kocha Van Gaal alitupeleka nafasi ya nne. Mtu akipumzika katikati ya wiki anakuwa hatari.

---

Jogoo_la_Alfajiri

Chelsea ile ilikuwa na Kanté, Hazard na Diego Costa. Sisi tulikuwa na Suárez na mabao 31. Nyie mna nani?

---

Shetani_Mvumilivu

Bruno.

---

Jogoo_la_Alfajiri

Na mwingine?

---

Shetani_Mvumilivu

Nimesema Bruno.